Mabati 20 na Miezi Mitatu ya Bure

Ndugu msomaji, hasa wewe uliyeoa, nakuletea kesi hii kwa sababu nyumbani kwangu hakuna tena wa kunisikiliza. Hata kuku nikiwafukuza sebuleni wanatazama kwanza kama mama mwenye nyumba yuko.

Tunakaa Kibombo, si mbali na reli ile ambayo Wabelgiji waliijenga kutoka Kindu hadi Kongolo, kilomita 355, ikamalizika mwaka 1911. Marehemu baba yangu alifanya kazi kwenye reli hiyo. Akajenga nyumba ya matofali ya kuchoma, na alipofika juu pesa ikamwishia. Akaezeka majani, akasema ni kwa muda. Muda huo nimeurithi mimi pamoja na nyumba.

Mvua ikinyesha usiku hatuwashi taa, tunasikiliza. Tin-tin-tin ni sufuria ya sombe karibu na mlango. Bo-bo-bo ni beseni la kufulia, ambalo kwa makubaliano ya ndoa linakaa upande wangu wa kitanda. Ukisikia kimya, ujue maji yanamdondokea mtu, na kwa kawaida mtu huyo ni mamakwe, na kimya hicho hakifiki dakika moja.

Mamakwe tunamwita Banki Santrali. Alikuja kwa wiki mbili, kumsaidia binti yake alipojifungua mtoto wa tatu. Mtoto huyo sasa yuko mwaka wa pili wa shule ya msingi, anaitwa Jenerali kwa namna anavyowaamuru wenzake, na bibi yake bado hajazimaliza zile wiki mbili. Chini ya kitanda chake kuna kopo la maziwa ya unga, na ndani ya kopo kuna noti ya zaire 5,000,000 ya mwaka 1992. Noti hiyo ilipotoka, watu waliikataa sokoni. Wanajeshi waliolipwa nayo wakafanya fujo Kinshasa mwezi wa kwanza 1993, na mwezi wa kumi ikaja zaire mpya, moja kwa milioni tatu za zamani. Milioni tano za mamakwe zikawa moja na theluthi mbili. Na hicho kilikuwa kidonda cha pili. Cha kwanza alikipata mwisho wa mwaka 1979, Serikali ilipofuta noti za zaire tano na kumi, na baba yake akabaki na mfuko mzima wa pesa za mpunga ambazo watoto walizichukua kuchezea duka. Tangu hapo anaamini mbuzi. "Mbuzi hana sahihi ya gavana," husema. Alikuwa nao wanne, na wote walilala penye pakavu kuliko mimi.

Mke wangu, Mama Salima, namwita Kontabu, ila si mbele yake. Anauza mchele na mawese sokoni, hana daftari, na anakumbuka nani alichukua makopo mawili mwaka juzi akalipa moja. Mimi ni mwalimu wa hesabu sekondari. Asilimia hapa Kibombo nazifundisha mimi. Neno hilo liweke pembeni, tutalirudia kwa aibu.

Sasa, mwezi wa tisa 2024, mvua za kwanza ziliporudi, akapita mfanyabiashara mmoja kutoka Kindu. Jina lake nalificha, maana bado tunahitaji misumari. Alikuwa na pikipiki nyekundu na karatasi za Kifaransa zenye mhuri. Chukua mabati leo, usilipe hata franga moja, miezi mitatu bila faida! Bati dola 14, mabati 20 ni dola 280. Maneno "bila faida" yaliandikwa kwa herufi kubwa kama za kampeni ya uchaguzi. Chini yake kulikuwa na mistari minne midogo ambayo nilidhani ni anwani ya mpiga chapa.

Baraza la familia likakaa jioni ileile.

Wa kwanza kusema alikuwa baba mdogo, Haji Zero. Haji ni jina alilozaliwa nalo. Zero tulimwongezea sisi kwa msimamo wake juu ya riba, na pia kwa sababu ndicho kiasi anachochanga kwenye matanga. Kwetu Maniema, kuanzia Kasongo mpaka hapa, Uislamu ni wa siku nyingi, na neno riba halihitaji mkalimani. Haji Zero akaeleza kwamba Sura ya Al-Baqara imehalalisha biashara na kuharamisha riba. Mtu akikuuzia kwa bei ya juu kidogo kwa sababu utamlipa baadaye, hiyo ni biashara, mradi bei mmeijua na haibadiliki. Nikasema, "Umesikia? Inaruhusiwa." Alikuwa bado anaendelea. Alisema kwamba bei ikianza kuzaa baada ya tarehe kupita, hiyo ni riba hata ikivaa kanzu. Lakini kufikia hapo mimi nilikuwa nimeshatoka nje kumwambia bwana wa pikipiki asiondoke.

Tulikuwa na njia nyingine, usidhani sisi ni watu wasiojipanga. Kuna AVEC ya mtaa, kile chama cha kuweka na kukopa chenye sanduku la chuma na kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti ili asipatikane mwizi wa peke yake. Pale unakopa mpaka mara tatu ya akiba yako. Akiba yangu ilikuwa dola 15, kwa hiyo nilistahili 45, ambazo ni mabati matatu, yaani paa la banda la kuku. Na hata hizo zisingetoka, maana mwenye ufunguo wa pili alikuwa ameenda matangani Kasongo na ufunguo shingoni.

Kuna Banki Lambert. Jina ni la benki ya zamani ya Ubelgiji, lakini sisi Wakongo tumempa yule jirani anayekukopesha dola 50 leo na kukusubiri na 75 mwisho wa mwezi. Mwalimu mwenzangu aliingia huko mwaka juzi na hadi leo akiona mtu amesimama mlangoni anatokea dirishani. Hiyo hatukuijadili.

Na kuna shemeji yangu, kaka wa mke wangu, yuko Louisville, Marekani. Tunamwita Shemeji Kadi. Picha zake zote ana miwani ya jua na ndani ya pochi yake unahesabu plastiki sita. Alituma ujumbe wa sauti wa dakika kumi na moja, na kwa Kibombo, ambako mega ni ghali kama nyama, huo ni mzigo. Nikasikiliza dakika mbili za mwanzo. Shemeji haanzi jambo bila kuanzia Adamu: kadi ya Diners Club ilitoka New York mwaka 1950, kisha mwaka 1958 benki moja ya Kalifonia ikawatumia watu wa mji wa Fresno kadi elfu sitini kwenye posta, bila wao kuomba. Akasema sasa kuna kadi za kununulia vitu vikubwa, miezi 15 au 18 bila faida, na kama tunataka atatununulia mabati kwa kadi yake, sisi tuwe tunamrudishia kidogokidogo. Kontabu akacheka hadi akakaa chini. Pesa itoke Kibombo iende Marekani! Siku hiyo mto Lualaba nao ungegeuka, ukatoka Kindu kupanda hadi Kongolo.

Nikauzima ujumbe. Dakika tisa zilizobaki nikaziacha.

Kontabu alikuwa na neno moja. "Likelemba yangu naila mwezi wa kwanza. Tungoje."

Likelemba yao ni ya mama 15, kila mmoja anatoa franga 20,000 kila baada ya wiki mbili, na zamu inazunguka. Ukiiangalia kwa macho ya mwalimu wa hesabu, anayekula mwanzo amekopeshwa na wenzake 14 bila senti ya faida, na anayekula mwisho amewawekea wenzake bila senti ya faida, na hakuna karatasi yoyote. Lakini mwezi wa kwanza ulikuwa mbali. Mimi niliyahesabu mabeseni: miezi minne ya bo-bo-bo. Nikatia sahihi tarehe 10 mwezi wa tisa, saini nzuri, ile ninayoitia kwenye diploma.

Mke wangu akaichukua karatasi, akaigeuza mbele na nyuma. "Baba Salima, hii umeisoma ama umeitazama?"

Nikamwambia mambo ya Kifaransa aniachie.

Siku ya tatu alirudi sokoni na habari. Mama anayeuza chumvi karibu naye alinunua mabati kwa bwana yuleyule, pesa mkononi, kila bati dola 12. Akaniuliza kwa upole, mbele ya wanafunzi wangu wawili waliokuja kuchukua chaki: "Mwalimu, mbili mara ishirini ni ngapi?" Arobaini. "Na arobaini juu ya mia mbili na arobaini ni asilimia ngapi?" Kumi na sita na kitu. "Kwa miezi mitatu tu?" Wanafunzi wakaondoka na chaki zao wakiwa wamejifunza.

Mabati yakafika. Akaitwa fundi, ambaye mtaa mzima unamjua kwa jina la Kesho. Fundi Kesho akatazama juu, akatazama mabati, akaniuliza mbao ziko wapi. Mbao gani? Akanieleza kama mtu anayezungumza na mgonjwa kwamba bati halikai juu ya hewa, na kwamba miti ya majani ya baba yangu haiwezi kulishika bati hata moja. Mbao, misumari ya bati, na kofia ya kipaa juu kabisa, hayo yote hayakuwa kwenye karatasi. Ili kunipa moyo akapanda juu kupima, akang'oa kifurushi cha majani aone mwisho wa ukuta, akashuka, akasema atarudi kesho.

Kwa hiyo mabati 20 yakasimamishwa chumbani, nyuma ya kitanda, na mvua ikapita kwenye majani ikayakuta humo ndani. Wewe umewahi kuona mabati yakinyeshewa ndani ya nyumba? Sauti mpya ikaongezeka kwenye kwaya yetu. Jenerali akayafanya ngoma. Banki Santrali alikuwa akipita mlangoni kila asubuhi anayasalimia: "Mumelalaje, wageni?"

Kulipa sasa. Mia mbili na themanini gawanya kwa tatu ni dola 93 na senti kila mwezi. Mshahara wa mwalimu unajulikana, nao huja siku unayotaka wenyewe. Tegemeo langu lilikuwa mpunga wetu. Lakini mpunga uliopandwa mwezi wa tisa haukatwi kabla ya Krismasi, na mwisho wa miezi ya bure ulikuwa tarehe 10 mwezi wa kumi na mbili. Yule bwana hajawahi kushika jembe, na anaijua kalenda ya shamba langu kuliko mimi. Nikauza kinga yangu, baiskeli niliyoipenda, nikawa naenda shule kwa miguu nikiwaambia watu ni agizo la daktari. Kontabu akauza mawese ya akiba. Kufikia mwanzo wa mwezi wa kumi na mbili tulikuwa tumelipa dola 200. Zilibaki 80, na zilikuwepo: franga 84,000, ambazo kwa bei ya wakati huo, dola moja franga 2,800, zilikuwa dola 30, na noti moja ya dola 50, safi, imenyooka, nimeificha ndani ya kamusi juu ya kabati, mahali ambapo tangu enzi za baba hapajawahi kuvuja.

Umekikumbuka kile kifurushi cha majani alichong'oa fundi Kesho?

Usiku wa tarehe 8 mvua ilinyesha na kabatini kulikuwa kimya. Asubuhi kamusi ilikuwa imevimba kama mkate. Noti ilikuwa imegandia ukurasa, na nilipoibandua, kwa uangalifu wote wa mtu aliyesoma, ikachanika pembeni. Mchaniko wenyewe ulikuwa mdogo kuliko punje ya mchele. Nikaikausha juu ya mbabula, nikaipiga pasi ya makaa, ikawa na rangi ya chai.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa labda hajui msiba huu. Kwetu noti ya franga inaweza kuwa na gundi, na harufu ya samaki, na namba ya simu ya mtu, na ikapita. Dola ikiwa na kovu ni maiti. Mtumishi wa yule bwana alipokuja tarehe 10, akazipokea zile franga bila hata kuzihesabu vizuri, kisha akaiinua hamsini yangu juani, akanirudishia kwa vidole viwili.

Hapo ndipo akanisomea ile mistari minne midogo, neno kwa neno, kama mwalimu. Tarehe ikipita, asilimia kumi kila mwezi. Nikasema sawa, asilimia kumi ya hamsini ni tano. Akasema hapana, mwalimu: ya mia mbili na themanini. Ya bei yote, hata ile niliyokwisha kulipa. Dola 28 kila mwezi, mpaka ile hamsini iishe.

Nilifanya nini? Nilifanya unachofanya wewe. Nikanyamaza. Mwezi mzima nilikuwa mtu wa sala, mtu wa kuosha vyombo, mtu wa kumwamkia Banki Santrali kwa magoti. Mwanamke mwenye akili akiona mume anaosha vyombo bila kuambiwa anajua kuna deni. Tarehe 10 mwezi wa kwanza ikaongezeka 28 ya pili.

Jumapili iliyofuata Kontabu akaniita kitandani, akachukua simu, akaufungua ule ujumbe wa kaka yake. Yeye aliusikiliza wote, mwezi wa tisa, kwa mega za Salima. Dakika ya tisa Shemeji Kadi anasema hivi, na sauti yake si ya mtu mwenye miwani ya jua. Zero ziko mbili. Kuna zero ya kadi za kawaida za benki: miezi ikiisha, unatozwa kwa kile kilichobaki tu, na sheria ya Marekani ya mwaka 2009 inataka muda wa ofa usipungue miezi sita. Na kuna zero ya maduka ya fanicha: ukibakiza hata kidogo siku ya mwisho, faida yote inarudi kuhesabiwa tangu siku uliyobeba kiti. Yeye alibeba makochi na televisheni, akawa analipa kila mwezi kile kiwango cha chini kilichoandikwa kwenye barua, akidhani kinamaliza deni. Hakimalizi. Siku ya mwisho zilibaki dola 40, naye akatozwa faida ya mwaka mzima wa makochi. "Mwambieni Mwalimu," anamalizia, "agawe bei kwa miezi anayopata pesa, asigawe kwa miezi ya kalenda."

"Na kwa nini hukuniambia?" nikauliza.

"Ulisema mambo ya Kifaransa nikuachie."

Akafungua kitambaa. Alikuwa amekula likelemba siku hiyo, franga 300,000. Deni lilikuwa hamsini na hamsini na sita, dola 106, yaani franga 296,800. Tukalipa kesho yake. Zikabaki franga 3,200, akaninunulia sabuni ya kuoshea vyombo, maana alisema nilikuwa nimeanza vizuri.

Jioni nikaandikiwa zoezi ubaoni, ule ubao mdogo wa watoto, Jenerali akiwa msimamizi. Mabati ya dola 240 yaliyolipiwa dola 336, ongezeko ni asilimia ngapi? Arobaini kamili, haina hata desimali ya kujifichia. Banki Santrali akauliza kama hiyo ndiyo inaitwa bila faida, kisha akataka kuichukua ile hamsini yenye kovu aiweke kwenye kopo pamoja na milioni zake tano, ziongee. Ilibidi niikimbize kwa kambisti anayenunua dola mbovu. Alinipa franga za dola 40, nikanunua mbao.

Wazee wanasema kukopa harusi, kulipa matanga. Aliyeyasema hayo hakuwa wa kwetu, kwa sababu kwetu matanga nayo yana ngoma na wali. Kulipa kwa likelemba ndiko hakuna ngoma. Kila baada ya wiki mbili ni lazima ile 20,000 itoke, maana tumeshakula, na Banki Lambert angekuja mmoja lakini hawa wanakuja mama 14, wanakaa barazani, wananiuliza hali ya masomo, na hakuna anayetaja pesa.

Mbuzi mmoja wa Banki Santrali aliuzwa kununua misumari, kwa sharti. Kwa hiyo fundi Kesho alipokuja hatimaye alianza na chumba chake, akaendelea na jiko, na alipofika upande wetu misumari ikaisha. Mabati saba bado yamesimama nyuma ya kitanda. Beseni liko palepale.

Kama uko Kibombo au unapita hapa na una kilo mbili za misumari ya bati usiyoitumia, uliza nyumba ya Mwalimu, ile iliyoezekwa nusu. Mpunga tumeshaukata. Nitakulipa mwezi wa pili, na tarehe ya mwisho utaandika na Mama Salima.